Jibu la mtaalamu: Sarafu ina Bikira Maria lakini haina jina la mfalme. Ni ya nani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Köln na mume wangu Mjerumani. Baba mkwe alipofariki alituachia kisanduku cha sarafu za kale, na moja inaninyima usingizi. Ni ya fedha, nyembamba, upana wake milimita 25, uzito gramu 2.1 kwa mizani yangu ya jikoni. Upande mmoja amesimama Bikira Maria amembeba Mtoto. Upande wa pili yupo mwanamume mwenye ndevu na taji, ameshika msalaba mrefu na kitu kama tufe. Juu ya kichwa cha Bikira pana tundu. Nikiitundika kwa uzi, yule mwanamume ananing'inia kichwa chini. Kwenye bahasha yake baba mkwe ameandika kwa penseli 'Romanus IV' na alama ya kuuliza. Mwenye duka la vitu vya kale ameniambia ni medali ya mahujaji, haina thamani. Mpwa wangu ametafuta mtandaoni anasema ni ya Constantine Monomachos, maana naye ana sarafu ya Maria, tena ni adimu mno. Herufi nilizoweza kunakili ni hizi: upande wa Bikira ΠAPΘЄN, halafu tundu, halafu ΠOΛVAINЄ, upande wa mwanamume OCHΛΠIKЄΠANTA, zilizobaki zimefutika. Je, ni ya nani? Na nikiing'arisha niivae kwenye cheni nitakuwa nimeharibu?"

Marahaba, dada. Kwanza hongera kwa kunakili herufi. Wengi huniletea picha iliyopigwa gizani na swali la bei, basi. Herufi zako hizo chache zimemaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Umeletewa majibu matatu yanayopingana, na hata mfalme wa kumshikilia huna, kwa kuwa jina lake halimo. Jibu langu ni la nne: kwa herufi ulizonakili, sarafu hiyo ni ya aina iitwayo miliaresion, iliyopigwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji mkuu wa dola la Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, zama za Kaisari Romanos III Argyros, aliyetawala kuanzia 1028 hadi 1034. Ila tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kujua sarafu ni ya aina gani na aina hiyo ni ya nani. La pili ni kujua kama hicho kipande kilichomo mkononi mwako kweli kilipigwa karne ya 11, au kilitengenezwa juzi na fundi aliyekuwa na picha ya sarafu halisi mbele yake. La kwanza naweza kulijibu nikiwa nimekaa hapa. La pili siwezi, na mtu yeyote atakayekuambia analiweza kwa picha ya simu, mwogope.

Nianze na yule mwenye duka, kwa sababu ushahidi wa kumkosoa umeuandika mwenyewe bila kujua. Ishike sarafu kwa vidole viwili, Bikira akiwa wima, kisha igeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Mwanamume anatokea kichwa chini, sivyo? Sarafu nyingi za Bizanti zilipigwa hivyo: mihuri miwili, yaani vyuma vilivyochongwa picha vya kupigia sarafu, wa juu na wa chini, iliwekwa ikitazama pande zinazopingana, kama saa kumi na mbili na saa sita kwenye uso wa saa ya ukutani. Medali ya mahujaji hutengenezwa ivaliwe shingoni, kwa hiyo fundi wake huhakikisha pande zote mbili ziko wima ikining'inia. Yako ilitoka kiwandani bila tundu. Aliyeitoboa alikuja baadaye, akachagua upande wa Bikira uwe ndio wima, na mfalme akaachwa aning'inie atakavyo. Sarafu za Bizanti zenye picha takatifu zilitobolewa sana, zikavaliwa kama kinga. Kwa hiyo mwenye duka hakukosea kabisa kuhisi harufu ya ibada. Amekosea tu kudhani ibada ndiyo iliyoizaa.

Sasa kwa nini dola liweke Bikira Maria kwenye fedha ya matumizi? Hapa inafaa nirudi nyuma kidogo, maana bila historia hii utaziona sarafu zote za Maria kuwa ni moja.

Dhahabu ya Bizanti ilianza kubeba uso wa Kristo zama za Justinianos II, mwishoni mwa karne ya 7. Miaka michache baadaye khalifa Abd al-Malik bin Marwan kule Damasko akafanya kinyume chake: akaondoa kila picha kwenye dinari na dirhamu, akabakiza maneno matupu ya Kiarabu. Dirhamu hiyo nyembamba na pana ikasambaa kila soko. Mnamo 720 Kaisari Leon III alipotaka sarafu mpya ya fedha, ndiyo miliaresion yenyewe, alichukua umbo lilelile la dirhamu: kibati chembamba, upande mmoja mistari mitano ya maandishi, upande mwingine msalaba juu ya ngazi na maneno "Yesu Kristo hushinda." Hapana sura ya mtu hata mmoja. Zipo miliaresia (ndio wingi wake) za mwanzo zilizopigwa moja kwa moja juu ya dirhamu, na ukiziinamisha kwenye mwanga unaona herufi za Kiarabu zikichungulia chini ya msalaba. Mimi nikiulizwa ni sarafu gani ningependa kushika kabla sijafa, ningetaja hiyo kabla ya dhahabu yoyote.

Kumi na mbili kati ya hizo zilikuwa sawa na nomisma moja ya dhahabu. Kwa muda mrefu fedha ikabaki na msalaba na maandishi, huku dhahabu ikibeba sura. Mambo yalibadilika polepole. Ioannes I Tzimiskes, aliyetawala 969 hadi 976, aliweka kisura chake kidogo ndani ya duara katikati ya msalaba. Basileios II na nduguye Konstantinos VIII wakawekwa huku na huku ya msalaba. Mwishoni kabisa, kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 10 na nusu ya kwanza ya karne ya 11, Bikira Maria akaingia kwenye fedha na kuchukua upande mzima. Kwa hiyo kabla hatujasoma herufi hata moja, kumwona Maria amesimama kwenye kibati cha fedha kilicho bapa na chembamba kunatubana kwenye kipindi kifupi. Mwisho wa kipindi hicho nao tunaujua: Alexios I Komnenos alibadilisha mfumo mzima wa fedha mwaka 1092, miliaresion ikakoma, na sarafu zilizofuata nyingi zimebonyea kama kisahani. Yako ni bapa.

Mpwa wako amefanya kosa ambalo hata wauzaji wakubwa hulifanya, la kudhani picha ya mtakatifu ni kama saini ya mfalme. Sivyo. Maria yupo kwenye fedha za watawala kadhaa waliofuatana, na kinachowatofautisha ni namna alivyosimama na maneno yanayomzunguka. Monomachos, yaani Konstantinos IX, aliyetawala 1042 hadi 1055, anaye Maria kweli. Lakini mtazame: yuko peke yake, hana Mtoto, mikono yote miwili ameiinua kama mtu anayeomba dua. Ndiyo sura iliyohusishwa na kanisa la Blachernai pale Konstantinopoli. Upande wa pili Monomachos amevaa kijeshi na ana upanga, na maandishi yanayoanza upande wa Maria yanamalizikia kwake: "Ee Bibi, umwokoe Monomachos mcha Mungu." Jina la ukoo liko waziwazi pale kwenye chuma. Wako hana upanga, na Maria wake ana Mtoto mkononi. Huyo si Monomachos, hata tukifumba jicho moja.

Ipo nyingine isiyo na jina ambayo lazima niitaje, kwa sababu ndiyo inayofanana sana na yako kwa wazo lake. Ina kifua cha Maria ameshika duara lenye sura ya Mtoto, na nyuma maandishi matupu kwa mistari: "Mama wa Mungu uliyetukuzwa, anayekutumainia hakosi." Wengi huiweka zama za Basileios II, na wapo wanaoiunganisha na vita vya Abydos mwaka 989, ambapo Michael Psellos, mwandishi wa historia wa Bizanti, anasimulia kuwa kaisari alisimama vitani upanga mkono mmoja na picha ya Mama wa Mungu mkono wa pili. Ila kwenye sarafu hiyo mfalme hayupo kabisa. Kwako yupo. Nayo tuiweke kando.

Turudi kwenye herufi zako. Mpwa wako huenda aliziona OCH akadhani ni kifupisho cha jina. Wapiga sarafu wa Bizanti hawakuacha nafasi kati ya maneno, na S yao waliiandika kama C. Kwa hiyo OCHΛΠIKЄΠANTA inakatwa hivi: OC, HΛΠIKЄ, ΠANTA, yaani "hos elpike panta", na neno lililofutika mwishoni ni KATOPΘOI, "katorthoi". Upande wa Bikira, tundu limekula ЄCOI, yaani "e" ya mwisho wa neno la kwanza na "soi". Ukiirudisha unapata "Parthene soi polyaine". Ukiunganisha pande zote mbili: Ee Bikira mwenye sifa nyingi, aliyekutumaini wewe hufanikiwa katika yote.

Hilo si tangazo la serikali, ni ushairi. Ni mshororo mmoja wa mizani ile ya zamani ya Kigiriki ya tenzi za mashujaa, umekatwa vipande viwili: ukwapi umekaa upande wa Bikira, utao umekaa upande wa kaisari. Msomaji wa pwani hapaswi kushangaa sana. Sarafu za Kilwa na zile za fedha zilizoibuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zina tabia hiyohiyo: jina la mtawala upande mmoja, maneno ya kumtegemea Mola upande wa pili, na pande hizo mbili zinakutana kwa kina. Hazina ile ya Mtambwe ina dinari ya mwisho ya mwaka 1066, kwa hiyo ni karne moja na sarafu yako. Sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Nasema tu kwamba aliyekuwa akigeuza sarafu mkononi Konstantinopoli na aliyekuwa akiigeuza Pemba wote wawili walikuwa wakimalizia beti.

Sasa swali gumu, na hapa ndipo alama ya kuuliza ya baba mkwe inastahili heshima. Ikiwa jina halimo, tunajuaje kuwa ni Romanos III? Mzee wako alikwishafika kwenye jina Romanos. Alisita kuhusu yupi. Hakuwa amebahatisha.

Kazi hii haina ushahidi mmoja wa kumaliza ubishi. Unakusanya dalili ndogondogo na kuona zinaelekea wapi. Dhahabu ya Romanos III inajulikana bila shaka, kwa kuwa ina jina lake: upande mmoja Kristo amekaa kwenye kiti cha enzi, upande mwingine Bikira anamvika taji Romanos, na maandishi yanamwomba Mama wa Mungu amsaidie. Kaisari na Maria, wawili tu, bila jamaa. Fedha yako inaongea lugha hiyohiyo ya picha. Ukiziweka pamoja unalinganisha pia ndevu, taji na namna herufi zilivyochongwa. Sasa mtazame Romanos IV Diogenes, wa 1068 hadi 1071. Dhahabu yake imejaa ukoo: Kristo anawavika taji yeye na mkewe Eudokia, na upande wa pili wamesimama wana watatu wa kambo. Alioa mjane wa kaisari akakuta nyumba ina wenyewe, na sarafu zake hazifichi jambo hilo. Fedha yake nayo ni ya vipande vidogo kuliko miliaresion kamili, na inayo maandishi ya kumwombea Romanos "Diogenes" kwa jina la ukoo. Kufikia wakati huo desturi ya kuandika ukoo, ile tuliyoiona kwa Monomachos, imeshazoeleka. Sarafu pana, isiyotaja jina lolote, yenye shairi badala ya dua ya kawaida, haikai vizuri katika miaka hiyo. Inakaa vizuri miaka arobaini nyuma yake.

Halafu ipo hadithi, nami huiweka mwisho kwa makusudi. Mwaka 1030 Romanos III alikwenda Shamu kupigana na mtawala wa Aleppo, jeshi lake likatawanyika vibaya, hema zikaporwa, naye akakaribia kutekwa. Psellos anaeleza kuwa katika fadhaa ile kaisari aliletewa picha ya Mama wa Mungu ambayo makaisari walikuwa wakisafiri nayo vitani, akaikumbatia kwa machozi. Aliporudi mjini alitumbukiza mali nyingi katika kanisa na monasteri ya Peribleptos iliyowekwa kwa jina la Bikira (Psellos, mwenye ulimi mkali, hakupendezwa na gharama zile), na akapamba Blachernai. Ioannes Skylitzes, mwandishi mwingine wa historia, naye anasimulia kwamba katika ukarabati wa Blachernai ilifichuliwa picha ya kale ya Maria na Mtoto iliyokuwa imefunikwa ukutani. Mtu wa namna hiyo kumwandikia Bikira shairi kwenye fedha kunaingia akilini kabisa. Lakini kuingia akilini si ushahidi. Wauzaji hupenda kuanza na hadithi ya Aleppo kwa sababu inauza. Mimi nakushauri uiamini baada ya picha, uzito na maandishi kuwa vimekwisha kukubaliana. Tena hapana anayeweza kukuambia kwa hakika kama sarafu ilipigwa baada ya kushindwa kule au kabla yake. Shairi la "aliyekutumaini hufanikiwa katika yote" baada ya kipigo kile lingekuwa ni imani kubwa, au uso mkavu.

Kuna wengine wa kuondoa mezani haraka. Fedha ya Venezia iitwayo grosso ina Kristo amekaa na mtakatifu Marko amesimama na mtawala wa mji, haina Maria. Makaisari wa baadaye, Andronikos II na mwanawe, waliiga umbo hilo mwanzoni mwa karne ya 14, nayo ina Kristo vilevile. Fedha za Trebizond zina mtakatifu Eugenios, mwanamume mwenye ndevu. Ukiona Maria na Mtoto wamesimama, hao wote hawahusiki.

Kuhusu uadimu nitakuwa mkweli hata kama mpwa atanuna. Aina hii si ya kila siku. Hutaiona kwenye bakuli la sarafu za bei chee sokoni. Ila haimo kwenye kundi la zile ambazo vipande vyake vinahesabika kwa vidole. Hutokea minadani mara kwa mara, na watu huipenda mno kwa uzuri wake, kwa hiyo bei yake hupandishwa na mapenzi zaidi kuliko uhaba. Tundu huishusha, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa, na maandishi yaliyofutika huishusha tena. Sikupi tarakimu, kwa sababu sijaiona.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe. Mizani ya jikoni ikikwambia 2.1 inaweza kuwa inasema 1.9 au 2.4. Tafuta mizani ya sonara inayosoma sehemu mbili baada ya nukta. Uzito wa gramu mbili na ushei si wa kutia shaka kwa sarafu iliyotobolewa na kuchakaa, kwa kuwa hata nzima hazikulingana sawasawa. Kisha chukua kioo cha kukuzia uangalie ukingo. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo huwa na ukingo usio sawa, wenye nyufa ndogo za asili pale kibati kilipotanuka. Iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina mstari mwembamba unaozunguka ukingo, au imepigwa tupa ili kuuficha. Angalia pia uwanda ulio kati ya herufi na picha. Vijishimo vya duara vilivyokaa kama mapovu ni dalili mbaya. Herufi zenye mabega laini, kana kwamba zimelambwa, hali sehemu nyingine za sarafu hazijachakaa, nazo ni dalili mbaya. Kinyume chake, miale midogo inayokwenda kutoka katikati kuelekea ukingoni ni alama ya chuma kilichotiririka chini ya pigo, na hiyo ni nzuri. Litazame na tundu: la kale kingo zake zimelainika kwa kusuguliwa na uzi na rangi yake ni moja na sarafu nzima, la juzi linang'aa ndani.

Hata hivyo, bandia za hatari za siku hizi hazimiminwi. Hupigwa kwa mihuri mipya iliyochongwa kwa ustadi, kwa hiyo ukingo na miale vitakudanganya. Dawa yake ni moja: kulinganisha muhuri. Kila muhuri ulichongwa kwa mkono, hakuna miwili iliyolingana nukta kwa nukta, na sarafu zote zilizotoka kwenye muhuri mmoja zina kasoro zilezile, kwa mfano nukta iliyokaa karibu mno na herufi au mkunjo wa vazi uliopinda. Mtaalamu huichukua yako akaitafutia nduguye katika mikusanyo iliyokwisha kuchunguzwa. Ikipata ndugu kwenye mkusanyo ulioundwa zamani, unapumua. Ikipata ndugu watatu wanne ambao wote wamejitokeza sokoni juzijuzi bila historia, jiandae kwa habari mbaya.

Kung'arisha: hapana, usithubutu. Si kwa dawa ya meno, si kwa limau, si kwa magadi na karatasi ya fedha ya jikoni, wala kwa kimiminika cha dukani cha kusafishia vijiko. Fedha iliyokaa miaka mia kumi hugeuka ndani kwa ndani, inakuwa dhaifu kama biskuti, na ule weusi wa juu mara nyingine ndio unaoshikilia herufi zilizobaki. Kuna kitu kingine pia: mtaalamu husoma umri katika ule weusi. Ukiufuta umemnyang'anya ushahidi, na sarafu iliyosuguliwa kila mnunuzi huijua akiwa mlangoni. Sonara akitaka kuisugua kwenye jiwe lake la kupimia au kuidondoshea tindikali, ichukue uondoke. Kipo kipimo cha miale kinachosoma madini bila kugusa kitu, na makumbusho makubwa wanacho.

Kuivaa ni swali la moyo, na sitakudanganya kwamba jibu ni jepesi. Watu walikwisha kuivaa kabla yako, tundu ndilo shahidi. Ila jasho, manukato na kusuguana na cheni vitamaliza katika miaka michache kile ambacho karibu karne kumi hazikumaliza, na kibati chembamba hivyo kikinasa kwenye sweta kinapasuka kuanzia tundu. Ningekuwa wewe ningemwomba fundi anitengenezee nakala ya kuvaa, na yenyewe ningeiweka kwenye kifuko kisicho na PVC, maana plastiki hiyo hutoa majimaji ya kijani yanayokula chuma. Nakala ipigwe alama kuwa ni nakala, isije ikamtia mjukuu wako kwenye matatizo.

Safari ya ana kwa ana huwezi kuikwepa. Ujerumani umekaa mahali pazuri: Münzkabinett iliyomo ndani ya Bode-Museum, Berlin, ni moja ya hazina kubwa za sarafu duniani, na sehemu ya mkusanyo wake inaonekana kwenye intaneti, kwa hiyo unaweza kuanza kulinganisha ukiwa nyumbani. Waandikie kwanza kuomba miadi. Usiwaulize bei, makumbusho kwa kawaida hayatoi makadirio ya biashara. Waulize aina, uhalisi na muhuri. Dumbarton Oaks ya Washington ina mkusanyo mkubwa sana wa sarafu za Bizanti, na juzuu ya tatu ya orodha yake, iliyoandaliwa na Philip Grierson na kutoka mwaka 1973, inahusu kipindi cha 717 hadi 1081. Mtaalamu yeyote utakayekutana naye ataifungua hiyo. Ukiamua kuuza, peleka kwenye nyumba mbili za mnada zinazoshughulika na sarafu za kale na uwaache washindane, lakini baada ya Berlin.

Bahasha usiitupe, wala usifute ile penseli. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda mali za kitamaduni, na mwenye kitu cha kale anahitaji kuonyesha kilitoka wapi. Uturuki, ambako nyingi za sarafu hizi hufukuliwa, hairuhusu kabisa zitolewe nchini. Maandishi ya mzee, risiti kama ipo, barua zake na wauzaji, hata picha ya kisanduku kama mlivyokikuta, vyote viweke pamoja. Na kama umewaza kuja nayo nyumbani likizo kuwaonyesha ndugu, uliza kwanza mamlaka za huko kuhusu kibali cha kutoa vitu vya kale nje ya Umoja wa Ulaya. Kuulizwa uwanja wa ndege huku sarafu iko kwenye pochi si mahali pa kuanzia maelezo.

Berlin wakikupatia sarafu inayolingana na yako kwa muhuri, niandikie namba yake kwenye mkusanyo wao pamoja na uzito mpya. Hapo ndipo nitakapokuambia "ni yenyewe." Kwa leo nakuambia ni aina yake.